Mvua ya Limerick Ndani ya Banda la Kobero

Robo saa ya kwanza watu walikuwa wakiulizana jambo moja tu: mvua yote hii, njaa inatoka wapi?

Lilikuwa swali la haki. Tulikuwa Kobero, kwenye mpaka wa Burundi na Tanzania, tarafani Butihinda, ambako malori yaliyotoka Dar es Salaam hupanga foleni yakingoja karatasi zake zigongwe mihuri, na ukivuka tu uko Kabanga, wilaya ya Ngara. Huku kwetu Muyinga mvua haifafanuliwi. Ikichelewa wiki tatu, maharage yanakauka na maua yake. Ikikataa kabisa, watu wanaanza kuangaliana nani atafunga mzigo kwanza. Sasa wanaonyeshwa nchi ambako maji yanamwagika tangu filamu inaanza, yanateremka ukutani, yanaingia ndani mpaka familia inahamia ghorofani, na bado watoto wanakufa kwa utapiamlo. Mzee mmoja nyuma yangu alitoa hukumu mapema: "Hawa ni wavivu tu."

Filamu ni Angela's Ashes. Aliyeiongoza ni Alan Parker, ikatoka mwaka 1999, na imetokana na kitabu cha Frank McCourt kilichochapishwa mwaka 1996 na kupata Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. McCourt alizaliwa New York mwaka 1930. Akiwa bado mdogo sana wazazi wake walirudi kwao Ireland wakati wengine wote walikuwa wakikimbia kutoka huko, na akakulia katika vichochoro vya Limerick mpaka alipofikisha miaka 19, akapanda meli kurudi Marekani. Huko alifundisha shule za sekondari kwa miaka karibu thelathini. Kitabu chake cha kwanza kilitoka akiwa na miaka 66. Nalitaja hilo kwa sababu mimi nami ni mwalimu, na umri huo hunipa moyo.

Filamu hiyo nilikuwa nayo kwenye flashi, nakala iliyotiwa sauti za Kifaransa. Nilikuwa nimetoka Gitega kwa njia ya Karuzi, nakwenda kumwona mama, na basi dogo likatulaza Kobero bila sababu iliyoelezwa. Siku hiyo hakukuwa na mpira. Mwenye banda la video aliitazama flashi kama mtu anayepokea samaki wa jana.

"Ina ngumi?"

"Ngumi hakuna. Ila kuna ulevi."

"Ulevi hapa tunao wa kutosha," alisema, kisha akaichomeka.

Mabanda yetu hayana desturi ya kuiacha filamu iongee peke yake. Yupo kijana wa kipaza sauti. Desturi hii ina wakubwa wake: Dar es Salaam alikuwepo Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, ambaye kanda zake alizozisimulia kwa Kiswahili zilipita mikononi mwa watu wengi kuliko vitabu vyetu vyote vya shule. Waganda wana mafundi wao wanaowaita VJ. Huku mpakani tumelelewa na sauti hizo. Wapo watu wazima Muyinga ambao mpaka leo wanaamini kwamba Wachina wa kwenye filamu wanaongea Kiswahili cha Kariakoo.

Kijana wetu wa Kobero alikuwa na Kifaransa cha shule ya msingi na ujasiri wa shule ya juu. Dakika ya tano alikwisha wabatiza watu wote. Frank akawa Fransi. Mama yake, anayeigizwa na Emily Watson, akawa Mama Fransi. Baba, ambaye ni Robert Carlyle, akaitwa Mzee Kanyanga, kwa gongo yetu inayopikwa kwa siri na kunywewa hadharani. Katika kisa hicho baba akipata mshahara anaupitisha kilabuni, kisha anarudi usiku akiimba, anawaamsha wanawe wasimame mstari na kuwaapisha kwamba wataifia Ireland. Kijana akashika kipaza: "Amkeni wanangu! Mtaifia nchi?" Halafu kwa sauti nyembamba ya kitoto: "Baba, nchi itasubiri, tunaifia njaa kwanza."

Banda liliangua kicheko. Nami nikashtuka, maana nilikuwa nimeshaitazama filamu hiyo mara mbili peke yangu na sikuwahi kucheka hata mara moja, ingawa kitabu chake kilikuwa kimenichekesha mpaka nikaona haya.

Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta mshituko huo ulitoka wapi.

Kitabu cha McCourt kinasimuliwa na mtoto. Siyo mzee anayekumbuka utoto, ni mtoto mwenyewe, kwa njeo ya sasa, asiyejua kwamba yeye ni maskini wa kuandikiwa kitabu. Pacha wa kwanza anakufa, anafuata wa pili, na kabla yao dada mchanga alikwisha kufa Brooklyn. Mtoto anaviangalia vifo hivyo pamoja na farasi aliyelala, pamoja na baba aliyeweka glasi ya pombe juu ya jeneza dogo, vyote kwa jicho moja. Hamwombi msomaji chochote. Ndiyo maana msomaji anampa kila kitu. Parker alijitahidi; aliweka sauti ya mtu mzima inayosimulia hapa na pale. Lakini sauti hiyo inakuja na kuondoka, na ikishaondoka unabaki na kuta zenye maji, rangi ya majivu, na muziki wa John Williams unaokuambia wakati wa kulia. Kamera haina utoto. Ikipewa nyumba ya maskini inaona unyevu.

Kijana wa Kobero, bila kukisoma kitabu, alirudisha alichokuwa amepokonywa Fransi. Alimpa ulimi.

Sitaki kumsifu kupita kiasi. Nusu ya aliyoyasema yalikuwa uongo, na padri mmoja alimgeuza kuwa mkuu wa forodha. Lakini kulikuwa na pahali alinyamaza, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Ni kisa cha viatu. Viatu vya Fransi na mdogo wake vimetoboka. Mama anagomba. Baba, ambaye kwa siku hiyo moja hajalewa, anachukua mpira wa gurudumu la baiskeli kuukuu, anaukata, anaupigilia misumari chini ya soli na pembeni. Vinatoka vitu vyeusi, vizito, vinavyojitokeza kila upande, na watoto wakitembea vinapiga kelele. Shuleni wenzao wanawacheka. Fransi anaona heri kwenda miguu mitupu.

Banda zima lilikuwa limevaa viatu vya tairi, au limewahi kuvivaa. Katambuga, watu wengine huziita. Unazijua: tairi la gari limekatwa kwa kisu chenye ncha, mikanda imepitishwa chini kwa matundu, misumari imekunjwa kwa ndani. Kiatu hicho kinamaliza barabara kabla barabara haijakimaliza. Mkono wangu wa kushoto alikuwepo tingo wa lori aliyekunja miguu chini ya benchi mara picha ile ilipotokea, polepole, kama mtu anayetafuta tu namna ya kukaa vizuri. Nyayo zake zilikuwa na mistari ya tairi la mbele. Hakuna aliyecheka. Kijana alishusha kipaza sauti kifuani, akaiacha picha ipite na Kifaransa chake.

Kiswahili kina neno ambalo nalitafuta katika lugha nyingine nisilipate likiwa zima: sitara. Ni nguo, ni paa, ni mume kwa mke na mke kwa mume, ni jirani anayeona na asiseme. Maskini anaweza kukosa vyote akabaki na sitara, na ukitaka kumvunja utaanzia hapo. Naona maneno nayo ni sitara. McCourt anapoandika viatu vile, anavivua na kuvifunika kwa mkono huo huo, kwa kuwa ni yeye anayesema, na msomaji anavitengeneza kichwani mwake kwa kiasi anachoweza kuvumilia. Picha haina kiasi. Inakuletea kiatu chenyewe, kikubwa kuliko mlango, mbele ya watu waliovaa mfano wake.

Najua methali itakayonijibu: mficha uchi hazai. Na ni kweli, asingeandika tungepata wapi kumjua? Lakini methali hiyo yasema habari ya kumwonyesha mkunga. Haisemi habari ya banda la watu sitini kwa faranga 300 kila mmoja.

Watu wa Limerick waliona hayo kabla yangu. Kitabu kilipotoka, wengi wao walikasirika. Wakasema hakukuwa na umaskini wa namna hiyo, au ulikuwepo lakini si wa kusemwa, au ulisemwa lakini si na huyu. Mwigizaji Richard Harris, mtoto wa mji huo huo, alikuwa mmoja wa waliomshambulia hadharani. Wakati huo huo chuo kikuu cha hapo kilikuwa kimempa McCourt shahada ya heshima, na watalii walikuwa wakija kutafuta kichochoro ambacho hakipo tena. Kwa maana kichochoro kilikwisha bomolewa zamani. Parker alipofika na vyombo vyake hakukuta umaskini wa kupiga picha. Ilibidi akajenge kichochoro kipya Dublin, na mitaa mingine akaiazima Cork, kisha akakinyeshea maji.

Hapo mawazo yangu hurudi nyumbani kwa njia ya mkato, maana sisi pia tunayo filamu iliyopigiwa kwa jirani.

Gaël Faye alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba Mfaransa, mama Mnyarwanda. Mwaka 1995 vita vikampeleka Ufaransa. Mwaka 2016 alitoa riwaya yake, Petit Pays, iliyopata tuzo ya Goncourt ya wanafunzi wa sekondari, na mwaka 2020 Éric Barbier akaifanya filamu. Faye husema ni riwaya, siyo kumbukumbu, na Gabriel wa kitabuni siyo yeye. Tumkubalie. Lakini mtaa ni wa utoto wake, na maembe yanayoibwa ni maembe aliyoyajua. Kwa hali ilivyokuwa Burundi tangu mwaka 2015, Bujumbura ya filamu ilipatikana Rwanda, ufukweni mwa Ziwa Kivu. Tanganyika ikaigizwa na Kivu. Niliitazama Gitega, kwa rafiki, kwenye kompyuta yake, na kila maji yalipotokea rafiki alisema, "Siyo." Isabelle Kabano, anayeigiza mama wa Gabriel, alitunyamazisha sote wawili; lakini ziwa, hapana. (Léonce Ngabo alipotengeneza Gito l'ingrat mwaka 1992, filamu ndefu ya kwanza ya Burundi, aliipigia hapa hapa. Mwaka mmoja tu baadaye nchi haikuwa ile tena.)

Kwa hiyo umaskini wa Limerick ulijengwa Dublin, na utoto wa Bujumbura ukaazimwa ziwa. Hata Muyinga yetu, tangu mipaka ya mikoa ilipochorwa upya, imemezwa na Buhumuza. Ukitaka kupiga picha ya ulikokulia, fanya haraka, au jifunze kusimulia.

Ila kuna jambo katika riwaya ya Faye ambalo mtu wa Butihinda hawezi kulisoma akiwa ametulia kitini. Gabriel anaibiwa baiskeli yake mpya. Wanatumwa mnyapara wa baba yake na dereva kuifuatilia, naye yumo garini. Wanaifuata kutoka mnunuzi hadi mnunuzi, bara kabisa, mpaka wanafika kwa wakulima maskini walioinunua kwa fedha yao kwa ajili ya mtoto wao. Dereva anaichukua. Mnyapara anasema si haki. Wanarudi nayo mjini, na Gabriel anabaki na aibu ya kumiliki kitu chake mwenyewe.

Faye ameliandika hilo kwa uadilifu, sina ugomvi naye. Lakini kitabu kinapanda gari na kurudi mjini. Mimi hubaki uani. Huku kwetu baiskeli siyo mchezo wa likizo. Ni mikungu saba ya ndizi, ni magunia ya mkaa, ni mgonjwa amefungwa kwa kitenge kiunoni mwa mwendeshaji, ni kijana ameshika nyuma ya lori mlima wa Muyinga ili asivunjike kifua. Ile nyumba baada ya vumbi la gari kutua, ilisemaje? Baba alianzaje kumweleza mwanawe? Mtoto yule ana kisa chake kamili, kirefu kama cha McCourt, na wala si lazima kiwe cha huzuni tupu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata bado iko ndani ya mtungi.

Nimejaribu kuwa kata. Ninalo daftari. Nina kurasa za kambi, upande wa Ngara, tulikokimbilia baada ya Oktoba 1993, Rais Ndadaye alipouawa na vilima vikageukiana. Nimeandika makopo ya mafuta ya kupikia yaliyokuja na herufi USA, jinsi yalivyopasuliwa na kunyooshwa yakawa milango, yakawa vibatari, hata nikaanza kusoma kwa herufi hizo tatu kabla sijajua a e i o u. Nimeandika ukoko. McCourt ana yai: baba ana yai moja zima, na mtoto anapewa kile kichwa chake kilichokatwa juu, na anakiona ni karamu. Sisi tulikuwa na ukoko wa ugali, ule unaobanduka chini ya sufuria kama bamba, na tulikuwa na zamu, na zamu ilikuwa sheria kuliko sheria za kambi. Ukoko wa unga wa njano una utamu wake. Nikiuandika nacheka.

Ukurasa ambao sijauandika ni mmoja. Siku za posho, magunia yakishushwa, punje hudondoka. Watu wakishaondoka, wanawake fulani walikuwa wakiingia pale na nyungo, wanakusanya mahindi pamoja na udongo, wanapepeta. Watoto tulikuwa na jina la wanawake hao, jina la kuku. Siku moja nilikuwa natoka kuteka maji na wenzangu tukiliita jina hilo kwa mbali, nikamwona mmoja wao ana kanga ninayoijua. Nilibadili njia. Niliwaambia wenzangu huku kuna matope.

Mama yake McCourt alifariki mwaka 1981. Kitabu kilitoka miaka 15 baadaye. Mama yangu yu hai, yuko Butihinda, na ana masikio mazuri.

Kesho yake, baada ya usiku ule wa Kobero, nilifika nyumbani. Jioni, baada ya kula, aliniuliza kile nilichokuwa nikikitazama kwenye simu kila mara. Nikamwambia ni filamu ya Wazungu maskini.

"Wapo?"

"Wapo, mama. Walikuwepo."

Alitaka kuwaona. Akavuta kigoda, nikaiegemeza simu kwenye kopo la chumvi, nami nikawa kijana wa kipaza sauti, nusu Kiswahili nusu Kirundi. Nilimweleza viazi vyao vilivyoozea ardhini mwaka 1845, njaa iliyoua watu karibu milioni moja, zamani kabla ya Fransi kuzaliwa, na kwamba unyevu ule ule ndio uliolisha ugonjwa. Akasema kumbe ni kama batobato ya mihogo ilipoingia kwetu, ile ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hakuna mvua inayoponya jani lililojikunja. Ningemrudishia yule mzee wa Kobero jibu hilo. Mama alimchukia baba yake Fransi mara moja. Alipoona watu wanapanga foleni ya kuomba msaada kwa mabwana wa kanisa, aliitambua foleni kabla sijasema neno: "Wanaulizwa maswali, sivyo? Wanaulizwa wana watoto wangapi, na wao wanajua."

Tukafika mahali ambapo Fransi anamwona mama yake. Mama huyo amesimama na ombaomba nje ya mlango wa mapadri, anangoja makombo ya chakula chao, na mtoto yuko upande wa pili, anaangalia.

Niliacha kutafsiri.

"Huyo mama," aliniuliza, "anajua kwamba mtoto amemwona?"

Nikamwambia filamu haisemi.

Aliniangalia mimi, hakuiangalia simu. Halafu alishika upindo wa kanga yake, akaushusha taratibu juu ya kioo, mpaka mwanga ukabaki mstari mwembamba pembeni. Chini ya kitambaa mvua ya Limerick iliendelea kunyesha.

"Wewe nisimulie," alisema. "Kuona nimeshaona."